Halua ya Wageni

Nilikuwa na miaka kumi na mitano, na uhuru ulikuwa bado mpya, wageni walipokuja kwetu Munje kuniposa. Mwaka uliotangulia nilikonda nikabaki mifupa, kiu haikatiki, mpaka nikabebwa hospitali Msambweni sijitambui. Huko ndiko tulikolisikia neno kisukari. Tangu hapo kila asubuhi mama alichemsha bomba la sindano la kioo katika sufuria ndogo, akanidunga pajani. Chupa ya dawa aliihifadhi ndani ya chungu kilichofukiwa kwenye mchanga wenye maji, isiharibike kwa joto.

Daktari alimwambia asinipe vitamu, na nikishadungwa nisikae na njaa. La kwanza kila mtu alilikumbuka. Baba aliipiga sukari marufuku nyumbani, hata wadogo zangu wakanywa chai chungu huku wakinitazama kwa jicho baya. La pili alilibeba mama peke yake.

Posa ililetwa na shangazi, dada mkubwa wa baba. Mposaji alikuwa mtu wa kijiji cha Jego, wa ukoo wa heshima.

"Habari za sindano zisitajwe," shangazi alisema. "Aibu ya maiti aijua mwosha."

"Mwanangu si maiti, wifi," mama akamjibu.

Baba alitazama chini. "Tusimharibie bahati yake."

Mimi, niliyekuwa nataka kumaliza shule, sikuulizwa.

Siku yenyewe mama alinidunga mapema nyuma ya nyumba, kisha akazama jikoni. Wageni walichelewa, barabara ilikuwa mbovu. Shangazi alinikalisha chumba cha ndani na leso mpya. Nilimwomba hata kipande cha muhogo.

"Mwari hatafuni wageni wakiwa njiani. Subiri kidogo."

Walipofika, na maamkizi yakarefuka, jasho lilikuwa limeshanitoka na vidole vinatetemeka. Kisha ikanipanda ghadhabu ambayo hata leo siwezi kuieleza. Yaliyofuata nayajua zaidi kwa kusimuliwa na mdogo wangu wa kike. Nilitoka kichwa wazi nikasimama mbele ya wanawake waliokaa mkekani.

"Mnatazama nini? Nendeni kwenu!"

Nikaipiga teke sinia ya wali, nikaanguka.

"Audhubillahi! Huyu ana pepo," mmoja wao akasema, na mwingine akaanza kunisomea.

Mama alikuja mbio, mikono imejaa tui. Sukari haikuwamo nyumbani. Akaona kikapu cha halua walichokuja nacho wageni, akaimega ile halua kwa vidole, akanisukumia kinywani.

"Hana pepo! Ana kisukari. Nimemdunga dawa asubuhi, na hajala kitu."

"Mgonjwa wa sukari unamlisha halua?" akauliza mama wa mposaji.

"Ndiyo. Dawa imeishusha sukari yake mno. Nisipomlisha atakufa."

Nilipopata fahamu nilikuwa nimelala pajani pa mama, nguo imelowa, na wanawake wanafunga buibui zao. Mama wa mposaji aliniinamia akanishika mkono. "Mungu akupe afya, mwanangu." Kisha akamgeukia shangazi. "Mngetuambia tu."

Wakaondoka bila kula.

"Umemzika mwanao yu hai," shangazi akamwambia mama.

Baba naye aliingia. "Ungemtoa nje kwanza, ndipo useme."

"Angekufia mlangoni," mama akasema, akaenda kuokota wali uliomwagika.

Shangazi hakukanyaga tena nyumbani kwetu. Baba na mama waliishi muda mrefu wakisemeshana kupitia sisi watoto: mwambie baba yako chakula tayari, mwambie mama yako natoka. Hakuna aliyekuja kuniposa tena, na hata mdogo wangu alipofikia umri, watu waliuliza kwanza kama ana sukari ya dada yake. Aliwahi kunirushia maneno hayo usoni, akalia, nami nikalia. Shule nilimaliza, lakini sikuifurahia kama nilivyodhani.

Lakini asubuhi iliyofuata siku ile ya wageni, mama hakunidunga. Alinikabidhi bomba.

"Jidunge mwenyewe. Nikifa mimi, nani atakuwa karibu nawe?"

Sindano iliingia kwa upande, damu ikatoka. Mama alisimama papo hapo bila kunisaidia. Nilipomaliza alinipa uji, akatoka uani, na kwa muda mrefu sikusikia akifanya kazi yoyote.