Udongo wa Kaburi la Mbuke

Mwaka wa sabini na nne, Operesheni Vijiji ilipomng'oa Regina mbugani na kumtua kijiji kipya karibu na Ubaruku, alibeba vyungu na kuku, akaandamana na bintiye Kashindye. Udongo akausahau. Usimcheke! Nani hukumbuka udongo huku mgambo wanambomolea nyumba?

Lakini kwao picha ya ukutani haikuwa pambo. Kila baada ya mavuno, mwanamke wa ukoo ule aliichora nchi yao kwa vidole: kisima kwa masizi, njia ya ng'ombe kwa majivu. Kaburi la mama yake alilichora kwa udongo mwekundu uliochimbwa kando ya kaburi lenyewe, si kwingine. Na binti haolewi mpaka mama amshike mkono waichore pamoja. Asiyeichora, walisema, anakwenda ugenini hana kwao.

Sasa Kashindye alikuwa anaolewa Chunya, na arusi ilikuwa Jumamosi hiyohiyo.

"Paka udongo wowote, shoga," jirani yake Chiku akamwambia. "Udongo ni udongo."

"Kwani mama yako wewe amelala wapi?" Regina akamuuliza.

Alfajiri akachukua kikapu, akashika njia ya mbugani. Alipofika alidhani amepotea. Trekta la shamba la kijiji lilikuwa limepita. Kichuguu hakuna, mti hakuna, ni matuta tu. Akamkuta Sedekia, msimamizi wa shamba.

"Kaburi la Mbuke liko wapi?"

"Mama, sisi hapa tulikuta pori tu."

"Pori! Mama yangu ni pori?"

Sedekia akavua kofia. Masikini, hakujua. Regina akazunguka matutani akiita, "Mayu! Mayu!" kama mtoto aliyempoteza mama yake mnadani. Akachota udongo huku, akachota kule, analia, mpaka kikapu kikajaa.

Nyumbani akamshika Kashindye mkono. Wakachora kisima, wakachora njia. Wakafika penye kaburi.

"Mayu, huu ndio udongo wa bibi?"

"Sijui, mwanangu. Labda yumo konzi moja. Labda hayumo kabisa." Akamsogezea kikapu. "Paka wote. Tusije tukamwacha nje."

Wakapaka wote. Njia ikafunikwa, kisima kikafunikwa, na Jumamosi Kashindye akaondoka kwenda Chunya akiijua rangi tu ya kwao.