Pikapu, Maksai na Mama Mkwe Wangu

Jambo hili niliwakataza watu wa nyumba hii kulitaja mbele ya wageni, nao wamenitii kwa miaka mingi (isipokuwa bibi yako, ambaye hakutii hata siku moja), lakini leo nalisema mwenyewe kwa mdomo wangu, na wewe mjukuu uliandike kama ninavyolisema, bila kulipunguza wala kulipamba: mimi, mtu wa kuheshimika katika Sapiwi nzima, nilizikwa ndani ya lundo la pamba mbele ya gulio, huku mama mkwe wangu akiwa juu ya gari langu ameshikilia kiti kwa mikono miwili.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Mnunuzi wa pamba hakuwa tena mmoja. Walikuja wengi na magari yao, wakigombania pamba yetu, na mjini Bariadi yakaanza kuonekana magari ya mitumba. Nikauza ng'ombe, nikanunua pikapu. Sikusoma, hilo linajulikana, lakini kuendesha nilifundishwa na dereva wa trekta, na nikajiaminisha kwamba gari ni plau tu iliyotiwa injini (uone kiburi kilipoanzia).

Siku moja, nikitoka kwenye makorongo ya barabara yetu, nilisikia kitu kinagonga chini ya boneti. Nikafungua, nikakuta kile kishikizo cha waya kinachobana kichwa cha betri kimelegea, kinacheza. Sasa mtu aliyelima na maksai tangu utotoni hafundishwi kukaza kilicholegea: bolti ya plau ikicheza, unakata ukanda wa ngozi ya ng'ombe, unaupachika, unagonga, kwisha. Nikafanya vivyo hivyo. Nilikata ukanda, nikauzungusha karibu kichwa chote cha betri, nikakigonga kishikizo juu yake, kikatulia kabisa. Nikafunga boneti, nikajisifu moyoni, wala sikumwambia mtu.

Tangu hapo gari likawa gonjwa. Nikizungusha ufunguo, injini ilinyanyuka kwa uzito kama ng'ombe aliyelala kwenye tope, nyaa, nyaa, nyaa, taa zikafifia, na mara nyingine ilikataa kabisa mpaka tusukume. Nikasema betri ina njaa. Nikaipeleka kwenye mashine ya kusaga ikachajiwa usiku kucha, nikairudisha na kuivalisha tena ukanda wangu. Nikasema oili ni nzito, nikaibadilisha. Nikasema plagi zimechoka, nikaweka mpya. Nililaumu kila kitu ndani ya gari lile isipokuwa kile kimoja nilichokiweka kwa mkono wangu, kwa sababu hicho nilikijua kuwa kizuri.

Ndipo habari ikaja kwamba madaktari wa macho wako hospitalini Bariadi, wanawatoa watu mtoto wa jicho, na kwamba kesho yake ndiyo siku yao ya mwisho. Mama mkwe wangu alikuwa haoni tena. Misimu miwili ilipita bila yeye kuliona shamba lake la karanga. Alipalilia kwa kupapasa na kung'oa karanga pamoja na magugu, na mkono wake wa kulia ulikuwa na kovu la moto wa jikoni. Shemeji zangu wakataka kumbeba kwa mkokoteni alfajiri. Nikawaambia waache, nitamfikisha mimi.

Elewa kwamba kwetu mkwe hakai bega kwa bega na mama mkwe, hamtazami usoni, wala hazungumzi naye ovyo. Kwa hiyo yeye aliketi nyuma, kwenye kiti tulichokifunga kwa kamba, bibi yako akamshika, nami nikabaki mbele peke yangu na heshima yangu. Vijana walitusukuma, injini ikawaka, tukaondoka vizuri.

Tulipofika kwenye gulio, hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Watu walikuwa wengi, wamekuja kupima pamba, nami nikaona haifai kupita bila wao kumjua mwenye gari. Nikasimama. Nikazima injini (niliizima mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha) ili salamu zisikike.

"Mwangaluka, Baba Nkwimba!" wakanisalimu. "Mhola?"

"Mhola," nikajibu, kwa utulivu wa mtu mkubwa. Kisha nikazungusha ufunguo. Nyaa. Nyaa. Kimya.

Akatokea Masanja, fundi wa baiskeli, ambaye ni mtani wangu na kwa hiyo hakuna la kumfanya. "Baba Nkwimba," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mizani, "hilo gari ni lako au umetumwa kulitupa?"

"Sukuma, uache maneno," nikamwambia.

Walisukuma mpaka wakachoka, kwa maana pale ni tambarare tupu na magurudumu yalizama kwenye mchanga. Jua lilikuwa linapanda, na kila nilipotazama nyuma nilimwona yule mama ametulia na kitambaa chake kipya kichwani, akiamini. Hilo lilinitesa kuliko kicheko. Nikaona mkokoteni wa pamba uliofungwa maksai wawili, nikamwomba mwenyewe aniazime wanyama. Alinikubalia bila kusita, na hata leo namwombea mema. Nikawafunga kwa mnyororo mbele ya gari, nikaingia, nikaweka gea ya pili.

Masanja akawapigia mluzi, wakavuta, nikaachia klachi. Injini ikawaka, ndiyo, lakini kwanza ilipiga mlio kama bunduki. Maksai wale hawakuwahi kufukuzwa na kitu wanachokivuta. Wakatimka. Na mimi, mjukuu wangu, mtu niliyejua breki iko wapi, sikuikanyaga, niliuvuta usukani kwangu kama mpini wa plau na kuwapigia ng'ombe kelele, "Simama! Simama wewe!", huku nimetoa nusu ya mwili mlangoni ili wanisikie vizuri. Kuku wakaruka, mama mmoja akatupa beseni la dagaa, mnyororo ukakatika, maksai wakashika njia ya lambo wanakonywea maji, nasi tukaenda moja kwa moja kwenye lundo la pamba ya watu. Mlango ukafunguka. Nikatangulia kabla ya gari.

Nilipotoa kichwa nilikuwa mweupe mpaka kwenye nyusi, na gulio zima lilikuwa kimya, kwani waliogopa kwamba wazee wameumia. Katika ukimya huo mama mkwe wangu akauliza kwa upole, "Tumefika hospitali?"

Sitakueleza kicheko kile. Wapo waliokaa chini.

Tukamteremsha, mzima, hana hata mchubuko, namshukuru Mungu, tukamketisha kwenye gunia karibu na pua ya gari. Waliolichambua lile lundo hawakunidai kitu. Walinifuta pamba mgongoni kama mtoto. Injini ilikuwa imezimika tena, nikarudi kwenye ufunguo. Nyaa, nyaa. Tena. Nyaa. Nikasema, gari hili limeuzwa kwangu likiwa bovu, yule mfanyabiashara wa mjini ni mwizi, nitamwendea. Nikalisema mara mbili, kwa nguvu.

Hapo yule mama akamwinamia binti yake. Mimi nilisimama hatua chache tu, lakini adabu ni adabu. "Mwambie baba yake Nkwimba," alisema, "humo ndani kuna ngozi inaungua."

"Mwambie mama," nikajibu, nikitazama pembeni, "gari halina ngozi."

"Mwambie macho ndiyo yamekufa. Pua iko hai."

Pua yangu mimi iliharibiwa na ugoro zamani, sikusikia harufu yoyote. Lakini niliposikia neno ngozi, jasho lilinitoka chini ya pamba. Nilijua. Ningeweza kunyamaza, Masanja alikuwa tayari amefungua boneti na anachungulia kila mahali. Nikamtazama yule mama ameinua uso wake akingoja, nikasema, "Ni hapo kwenye betri. Niliiweka mimi."

Masanja akauvuta ukanda wangu, umekauka na kuungua ukingoni, akauinua juu kama nyoka aliyeuawa. "Jamani! Baba Nkwimba ameivalisha betri kiatu!" Kisha, watu walipomaliza kucheka, akaniambia taratibu, bila utani, "Mzee, umeme unapita chuma kwa chuma. Wewe uliuachia kaupenyo kadogo tu, ndiyo maana stata ilikuwa inazunguka kama inaumwa. Betri haina kosa. Aliyekuuzia naye hana kosa. Sasa panataka kitu cha shaba hapa, kishikizo kibane."

Wakaanza kutafuta msumari, kipande cha waya, chochote. Mama mkwe wangu hakuwangoja. Aliivua bangili yake ya waya wa shaba, aliyoivaa tangu usichana wake, akaiweka kiganjani mwa bibi yako. "Mpelekee."

Nilitaka kukataa. Bibi yako akanitazama vile anavyonitazama mpaka leo, nikapokea. Masanja akaikunjua, akaizungusha kwenye kichwa cha betri, akagonga mara mbili. Nikazungusha ufunguo, na injini ikaruka papo hapo, nyepesi, kana kwamba haijawahi kuugua. Nikasema "wabeja", asante, kwa kila aliyekuwa karibu, hata kwa wasiofanya kitu.

Tulifika muuguzi akiwa ameshika kufuli. Nilimweleza yote, pamoja na lundo la pamba (nisingeweza kulificha, lilikuwa bado masikioni mwangu), akacheka, akalirudisha kufuli mfukoni na kumwita daktari. Mungu ambariki dada yule popote alipo.

Siku ya kufunguliwa bandeji nilikwenda, lakini nilisimama nyuma ya pazia la mlango wa wodi, kama inavyompasa mkwe. Nilisikia mkasi. Nilisikia muuguzi akiuliza anaona nini. Nikahesabu makosa yangu yote, nikadhani tulichelewa.

Kisha nikaisikia sauti yake, kali kidogo, ikimwambia binti yake: "Miguu ile chini ya pazia ni ya baba yake Nkwimba? Mwambie akaioshe."

Bibi yako akaanza kulia, muuguzi akacheka, na mimi nikaenda bombani. Niliiosha miguu yangu polepole, wa kulia na wa kushoto, na nilikuwa na sababu ya kuinama kwa muda mrefu ili watu wasinione uso.

Tangu siku hiyo sijapachika kitu ndani ya gari la mtu wala langu kabla ya kuuliza. Wapo vijana wanaonishangaa, "Mzee, hata hili hulijui?" Nawajibu kwamba silijui, wanieleze.