Kozi Niliyoitaka Ilipojaa

Nakumbuka vizuri, mwanangu, asubuhi niliyoambiwa kwamba udaktari nimeukosa. Nilikuwa dukani kwa Bi Shirin, mjini Mtwara, nikimpimia mama mmoja kitambaa cha sare za shule. Simu ikaita. Alikuwa rafiki yangu Asha, niliyemaliza naye kidato cha sita, ambaye alikwenda Dar es Salaam kufuatilia maombi yetu. "Somoe," akasema, "tumekosa wote. Sifa tunazo, ila nafasi zimejaa."

Nikamaliza kupima, nikakata, nikakunja. Kisha nikaingia stoo nikalia.

Nawaona na ninyi leo, simu mkononi, mnafungua akaunti ya maombi, mnafunga, mnafungua tena. Najua mnavyojisikia. Mimi nilitaka udaktari na si kitu kingine, na sababu ilikuwa baba yangu. Alikuwa akipogoa mikorosho shambani kwetu kijijini, tawi likakatika naye yuko juu yake, akavunjika paja. Mfupa uliunga vizuri, lakini baba hakuinuka. Tulihamia Rahaleo, hapo Mtwara mjini, ili awe karibu na matibabu, na huko akawa mtu wa kitandani, anamsubiri mama amletee hata maji ya udhu.

Ilibaki awamu ya pili ya maombi. Chuo kimoja kikubwa cha Dar es Salaam kilikuwa na nafasi katika sayansi ya mimea. Chuo kingine, huko kaskazini, ambacho mtaani kwetu hakuna aliyekuwa amekisikia, kilikuwa na nafasi za fiziotherapia, yaani kumrudishia mgonjwa nguvu za viungo kwa mazoezi. Sikufikiri sana. Nikamweleza Bi Shirin nafasi zote mbili, nikamwambia naenda Dar es Salaam kusoma mimea.

Bi Shirin alitoka katika ukoo wa wafanyabiashara wa Kihindi wa Mikindani. Alinipa kazi nikisubiri chuo, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku hiyo alivua miwani.

"Mimea unaipenda?"

"Hapana, Bi."

"Sasa unaifuatia nini?"

"Chuo kina jina."

"Jina la chuo utakaa nalo ukiwa unasoma. Kazi utakaa nayo mpaka uzeeni. Hebu niambie, binti yangu, juzi ulilia stoo kwa ajili ya baba yako, au kwa ajili ya kuitwa daktari?"

Nikuambie kweli, niliudhika. Nilimwona mama wa watu anaingilia mambo yasiyomhusu. Yeye akarudisha miwani usoni. "Kesho usije dukani," akasema. "Nenda hospitali, mtafute anayefanya hiyo kazi nyingine, umtazame. Ukirudi bado unataka mimea, nguo za safari nakupa mimi."

Nikaenda. Katika chumba cha mazoezi nilimkuta dada mmoja aitwaye Tumaini, akimfundisha kuinuka kitini mzee aliyepooza upande mmoja. Hakumvuta. Alimwambia arudishe miguu nyuma kidogo, ainame mbele, ndipo asukume. Mzee alijaribu akaketi, akajaribu tena akaketi, halafu akasimama. Akatazama huku na huku kama mgeni, akaanza kucheka.

Nilimweleza Tumaini habari za baba. Akauliza, "Mfupa ulipounga, nani alimfanyisha mazoezi?"

"Hatukujua kama kuna mazoezi, dada."

Akauliza tunakoishi. "Jumamosi nitakuja kwenu."

Akaja kweli. Alimketisha baba ukingoni mwa kitanda, mama na mimi tumeshikana mikono pembeni. Baba akaupapasa mguu wake. "Binti, mguu huu umeshakufa," akasema.

"Haujakufa, baba. Umelala muda mrefu tu."

Siku ile baba aliketi, basi. Jioni yake nikaamua, na Jumatatu nikaomba chuo cha kaskazini. Tumaini aliendelea kuja. Kabla sijaondoka kwenda kusoma, nilimwona baba amesimama kwa miguu yake, ameshikilia fremu ya mlango, machozi yanamtoka, anarudia tu "Alhamdulillah." Mguu ule haukurudi kama zamani, maana ulibaki mzito. Lakini alikuja kwenda msikitini kwa magongo yake, na mama akapumua.

Usidhani moyo wangu ulitulia mara moja. Mwaka wa kwanza chuoni, wanafunzi wa udaktari wakipita na makoti yao nilikuwa nageuza uso pembeni. Niliacha kugeuza siku nilipomsimamisha mgonjwa wangu wa kwanza, mama muuza ndizi, akanishika shingoni akakataa kuniachia.

Asha yeye alikataa kozi nyingine zote. Alikaa nyumbani kwao, Magomeni ya Mtwara, mwaka mzima, watu wakimsema, akaomba tena udaktari, akapata. Leo ni daktari wa watoto, na wale wanaochelewa kutembea huwaelekeza kwangu. Hakuna kati yetu aliyekosea. Kila mmoja alijua anatafuta nini, ila mimi ilibidi niulizwe kwanza. Bi Shirin ameshatangulia mbele ya haki. Nilipata bahati ya kumshukuru akiwa hai, na bado naona sikumshukuru vya kutosha.

Kwa hiyo, mwanangu, kozi unayoitaka ikijaa, usikimbilie jina la chuo. Jiulize ulichokuwa unakitafuta ndani ya hiyo kozi, kisha utazame ni wapi pengine kinapatikana. Mtafute mtu anayeifanya kazi hiyo, umtazame akiwa kazini, umuulize mpaka achoke. Chuo kisichojulikana kikikufikisha unakotaka, nenda bila aibu. Na ukiona kweli hakuna njia nyingine, kusubiri mwaka hakukupotezei kitu. Usichague kwa ajili ya majirani, kwa sababu mtihani hawatakufanyia.

Mwenyezi Mungu akupe kazi utakayoamkia kwa furaha, akukutanishe na watu wasioogopa kukuambia ukweli, na wazazi wako waishi wayaone matunda yako. Amina, mwanangu. Nenda salama.