Nilimnyima Mjukuu Wangu Jina Letu la Kijerumani

Admini, jina langu la mwisho usilitoe hata herufi yake ya kwanza. Ni jina la Kijerumani na ni adimu, ukilitoa tu Johannesburg nzima itajua ni bibi yupi wa huku mtaa wa Observatory. Nina miaka sabini na moja, mzaliwa wa Korogwe, shule niliishia darasa la nne. Anayenichapia haya ni jirani yangu Mama Furaha, Mkongo, fundi cherehani. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe.

Jina tulilipata kwa babu mzaa baba, aliyekulia kwenye shamba la mkonge enzi za Mjerumani. Tuliambiwa alizaliwa na Mjerumani mwenye shamba. Babu alikuwa mweusi tititi, lakini ukiuliza unaambiwa damu imejificha ndani. Kwa Watanzania wengi jina la tatu linabadilika kila kizazi, la babu linaondoka, linaingia jingine. Sisi hatukuliachia. Mume wangu aliponikimbia na mtoto bado anatambaa, nilimwandikisha mwanangu kwa jina la baba yangu, nikaja nalo huku. Kliniki wakiniita kwa sauti, watu wote wanageuka. Mama mmoja wa kizungu aliniuliza nimelitoa wapi. Nikamwambia kwa babu yangu, wewe lako umelitoa wapi?

Basi mwanangu akazaa na binti wa Kizulu kule mtaa wa Berea, bila ndoa. Mtoto nitamwita Thandi, silo jina lake. Walimleta kwangu akiwa na siku saba, kafungwa blanketi la njano. Mwanangu akaniomba tufanye akika, mtoto anyolewe nywele, apewe na jina la ukoo. Nikakataa. Nikasema wa nje ya ndoa habebi jina la baba, dini imekataza. Wanangu, mimi swala ya alfajiri ilikuwa inanipita kila siku, lakini siku ile nilikuwa shehe. Ukweli ni kwamba nililiona jina langu ni kubwa mno kwa mtoto wa vyumba vya kupanga. Thandi akaandikwa kwa jina la kwao mama yake, na mwanangu hakulitaja tena jambo hilo mpaka anaingia kaburini.

Mtoto yule hakunikasirikia. Amekua, anasuka nywele saluni, na kila Jumapili alikuwa anapanda kilima kuja kuniona. Kiswahili anakisikia chote, kukisema ndiyo kazi. Jumapili moja mwezi wa tatu akaja na mimba yake ya miezi saba na kompyuta kwapani, kaniletea zawadi, anasema. Kumbe amelitafuta jina letu. Kuna mahali ukiliandika jina, ramani ya dunia inaweka nukta palipo na watu wenye jina hilo. La kwetu lilikuwa na nukta chache Ujerumani, zimekaa pamoja kama mbegu, moja Tanga, na moja Johannesburg. Nikamuuliza hii ya Johannesburg ni nani. Akacheka, akasema ni wewe, bibi.

Alikuwa amemwandikia mzee mmoja kule Ujerumani anayetunza orodha ya ukoo wao, na mzee akajibu. Thandi akanisomea, nusu Kiingereza nusu Kiswahili chake cha kubahatisha. Mzee anasema hata kwao jina lile mwanzo lilikuwa la shamba. Mtu akioa akahamia pale analichukua, na watoto wake wanalirithi, awe damu awe mgeni. Na yule wao aliyekwenda Tanga hakuwahi kuzaa. Ila aliandika barua nyumbani kuhusu mtoto yatima, mama yake alifia kwenye mkonge. Karani alikuwa hampi posho mtoto asiye na jina la baba kwenye daftari, basi yule bwana akasema mwandikeni langu.

Thandi akaweka mkono juu ya tumbo. Halafu akasema taratibu, bila ubaya wowote, "Kwa hiyo bibi, babu yako alipewa tu."

Mngemsikia mngejua alikuwa anaomba. Mimi nilisikia dharau. Nikamjibu, "Hata kama alipewa. Wewe hukupewa."

Akafunga kompyuta. Akaosha vikombe kama kila Jumapili, akavipanga, akaondoka. Hajarudi.

Sasa amejifungua, mtoto wa kiume. Picha alituma mama yake Thandi kwenye simu ya Mama Furaha. Lile blanketi la njano walilitunza, wamemfunga nalo huyu mtoto. Nililia mpaka Mama Furaha akazima cherehani. Nikamwambia amwandikie Thandi kwamba nimekubali, amlete mtoto tufanye akika, nitampa jina. Jibu likaja upesi: "Usijali bibi. Jina tunalo."

Nikaanza kufoka, mtoto gani huyu anakataa heri. Mama Furaha akaniangalia juu ya miwani. "Mama, jina umemutumia. Samahani haukumutumia."

Na nyie mtakaoandika kwamba nina roho mbaya, mmechelewa, nimeshajiambia. Mwanangu hayupo, na ile nukta ya Johannesburg nikifa inazimika. Lakini mbele ya Mungu, siyo nukta inayonikosesha chakula. Ni vile vikombe alivyoviosha.

Mtoto leo ana siku kumi na moja. Kutoka kwangu mpaka Berea ni kushuka tu, hata kwa miguu yangu hii nafika. Lakini nikigonga mlango nitasemaje? Maisha yangu yote nimejua kusema jina langu, kuomba radhi sijawahi hata mara moja. Wenye wajukuu, nifundisheni: mtu anaanzaje?