Ungo wa Mama

Juzi, katika hoteli moja ya Raskazone, niliona ungo umetundikwa ukutani kama pambo, nikamkumbuka mama.

Kaka yangu aliwahi kuniambia kwamba wachawi wa Tanga na wa Pemba hushindana mpira angani, kila mmoja juu ya ungo wake, na siku ya mechi mchezaji haonji kitu. Mchana mmoja nikiwa mdogo, nyumbani Ngamiani, mama alitugawia uji wote, yeye akabaki anatutazama. Ungo wake, ambao haukuwa umepepeta mchele tangu Idi, ulinuka vumbi tupu.

Nikaushusha, nikaukalia. “Mama, usende kucheza!”

Alicheka, kisha akajifuta macho kwa upindo wa kanga. “Sina timu mie, mwanangu.”

Sikuinuka hadi magharibi. Kesho yake hakula tena, nikarudi kuukalia.