Kitambaa Kimoja, Bei Mbili, Mwizi Mimi

Admin, asalaam aleikum. Jina langu lifiche vizuri, maana Pemba tunajuana hadi kwa kikohozi. Nina miaka 29, nimeolewa Tibirinzi na nina mimba ya miezi saba. Naandika nikiwa na uchungu wa moyo ambao sijawahi kuuonja.

Mwaka jana nilijiunga na uanachama wa duka moja la mtandaoni. Unalipia kila mwezi, nao wanakuahidi bei nafuu kuliko wateja wengine. Ada yenyewe haikutulia. Mwezi huu elfu nane, mwezi ujao kumi na moja, na ujumbe juu yake: "Tumeboresha bei kwa ajili yako." Kwa ajili yangu mimi? Nilinung'unika lakini nikalipa, nikijipa moyo kwamba nafuu nitaiona kwenye bidhaa. Na domo langu nalo, nikajisifia kwa kila mtu.

Ikaja harusi ya wifi yangu. Wanawake wa ukoo lazima tuvae sare, na mavyaa, mama wa mume wangu, akanikabidhi mimi niagize kitambaa kwa sababu ya huo uanachama. Nikawasomea bei kutoka kwenye simu mbele ya wote, wakanichangia. Nilipokwenda kulipa jioni ile ile, bei imepanda. Nikawaomba waongeze, wakaongeza kwa kununa.

Mzigo ulipofika, wifi akafungua duka lile lile kwenye simu yake, na yeye si mwanachama wa chochote. Kitambaa kile kile, rangi ile ile, bei iko chini hata kuliko ile ya kwanza. Simu ikazungushwa mkono kwa mkono. Nikaonesha risiti yangu, shangazi wa mume wangu akaisukuma pembeni: "Si weye ulosema mwanachama huuziwa rahisi? Leo imekuwaje, mwanangu?"

Nilipiga simu dukani. Dada aliyepokea akasema bei hutofautiana kwa kila mteja. Nikamwomba aniandikie maneno hayo hayo, akakata. Yaani nalipia kila mwezi ili niuziwe ghali!

Aliyenivunja kabisa ni mavyaa. Akasema kwa upole, "Mie sintuhumu ntu. Tutasoma Halbadiri, mwenye lake litamrudia." Kwa wasiojua, hicho ni kisomo cha kumshitaki mwizi kwa Mungu, balaa limshukie. Asante ya punda mateke.

Mume wangu anasema, "Warejeshee tu hiyo ziada wanayosema umekula, yaishe." Nikirejesha nimekiri wizi nisioufanya. Nikikataa kisomo, wanasema naogopa. Wallahi simwogopi Mungu kwa hili, anajua sikula hata senti yao. Ninaowaogopa ni wao. Mimba yangu ya kwanza ilitoka. Wakisoma, kisha hii nayo ipate lolote, au mtoto azaliwe na homa tu, hakuna atakayesema ni kudra ya Mungu. Watasema kisomo kimejibu.

Wamepanga Ijumaa baada ya Laasiri. Nyinyi mliowahi kubanwa na wakwe, nipeni neno: niende nikae katikati yao na tumbo langu hili, au nilipe, niitwe mwizi maisha yangu yote, ili mwanangu asije akaitwa ushahidi?