Kinyongo cha Steinvör

Kila mwaka watu wa kamusi kutoka mji mkuu walimtumia Steinvör barua: huko bondeni kwenu, neno hili mnalitumiaje? Alijibu kwa penseli, kisha akanisomea majibu mimi, tarishi wake kwa miaka thelathini. Alijua asiponisomea nitaichungulia bahasha njiani.

Mwaka ule waliuliza maneno ya watu wasiopendana.

"Sikiliza, Hallmundur," aliniambia. "Kijicho: jirani ameanika majani ya mifugo, nawe unaomba mvua. Inda: mvua haikunyesha, basi unakwenda kuyamwagia maji mwenyewe."

"Na chuki?"

"Unamwona kondoo wake amezama kwenye theluji, unapita zako."

"Haya, na lile lako na Oddný ndilo lipi?"

Akaikunja karatasi. "Barua haijaisha. Hebu nenda zako, mmbea we!"

Oddný ni dada yake, wa shamba la ng'ambo ya mto. Miaka kumi na tisa hawakusalimiana, tangu Oddný alipompeleka farasi wa marehemu mama yao machinjioni bila kumwambia mtu. Kanisani kila mmoja alikuwa na upande wake. Mimi niliyekunywa kahawa nyumba zote mbili niliwaona wote wawili wapumbavu, na bado nawaona hivyo.

Septemba tukateremsha kondoo kutoka milimani, tukawasukuma kwenye boma la mviringo, ambako kila mtu hutafuta wake kwa alama ya sikio na kuwaburuta kwa pembe hadi kizimba chake. Oddný hakuja. Alikuwa amevunjika kifundo cha mguu siku tatu kabla, na kizimba chake kilikuwa kitupu.

Steinvör akamshika kondoo mmoja, akampapasa sikio, akamburuta hadi kizimba cha Oddný. Akarudi kuchukua wa pili. Kufikia adhuhuri wa kwake mwenyewe walikuwa bado wanazurura.

"Mbona unawaacha wako?" nikamuuliza.

"Wake wakichanganyika na wangu huwa nampelekea hadi langoni kila mwaka. Ulidhani wanajirudisha wenyewe?"

Miaka yote hiyo, na umbea wangu wote, sikuwahi kuliona hilo.

Jioni tuliwavusha kondoo darajani, yeye mbele, mimi nyuma. Oddný alisimama mlangoni kwa magongo.

"Umekuja kunicheka?"

"Nimekuletea kondoo. Arobaini na watatu. Mmoja anachechemea, kama mwenyewe."

Oddný aliwatazama kondoo, si dada yake. "Yule farasi alikuwa haoni tena, Vör. Nilishindwa kukuambia."

"Ungeniambia tu." Steinvör alikuwa analia, wala hakujifuta. "Ningekuja kumshika kichwa."

Nilitamani kuwagonganisha vichwa.

"Kahawa ipo jikoni," Oddný akasema mwishowe, akasogeza gongo moja kumpisha.

Jumatatu Steinvör alinipa bahasha imefungwa, mara ya kwanza katika miaka thelathini. Niliichungulia, nakiri. Mstari wa mwisho ulisema: "Kinyongo: kumrudishia mtu kondoo wake miaka kumi na tisa, ukisubiri akukaribishe ndani."